Mtu wa Vikombe Viwili

Perusi na Samweli, mnaopokea funguo za kanisa kutoka kwangu, mmeniomba niwaandikie maelekezo ya kazi. Nilidhani karatasi moja ingetosha. Mlango wa kushoto unataka kuinuliwa kidogo kabla ya kusukumwa. Kengele isipigwe kwa hasira. Mende wanapenda kitambaa kilichodondokewa na sukari. Hayo ndiyo maelekezo yenyewe. Yaliyobaki ni mambo niliyoyafanya vibaya kwa miaka ishirini na sita, na hayo yanahitaji karatasi nyingi zaidi.

Mtasikia wageni wakiniulizia kwa jina la Mzee wa Kikombe Kimoja. Jina hilo nililipata kwa haki, lakini kwa nusu tu. Nusu ya pili naona niiandike mwenyewe, maana wengi wanaoijua wana adabu mno, hawawezi kunisema, na Mama Damari, ambaye hana adabu ya namna hiyo, ana kazi zake.

Nilianza mwaka mmoja baada ya uhuru. Kabla ya hapo nilikuwa nikiandaa meza katika hoteli ya Mbelgiji mmoja hapa Kigali. Alipofunga virago akarudi kwao, nilibaki na koti jeupe na ujuzi wa kubeba glasi sita kwa mkono mmoja. Kanisa letu lilikuwa linatafuta mtunza kanisa wa ibada ya Kiswahili, ile ya madereva, askari, wachuuzi wa mtaa wa Gitega na mafundi wa magari waliotoka Bukavu. Wazee wa kanisa waliponiuliza kama nina wito, nikawajibu kwamba sijawahi kuvunja glasi. Wakatazamana, kisha wakaniajiri.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Petero, mtu wa Bukoba, mfupi, mwenye magoti mabovu na macho makali. Kwetu, kama mnavyojua, mchungaji hutoa mkate na mtunza kanisa hufuata na kikombe. Jumapili yangu ya kwanza ya Meza ya Bwana nilivaa lile koti la hotelini, nikaning'iniza kitambaa mkononi, mkono mwingine nikauweka mgongoni. Nilipofika mbele ya Madamu, mke wa mchungaji wetu Mzungu, Pasta Gustavi, niliinama nikamuuliza kwa Kifaransa kama angependa kuongezewa. Petero alinifinya mbavuni mpaka nikasahau Kifaransa chote. Baada ya ibada akaniambia, "Mwanangu, hapa watu hawaagizi."

Alinifundisha kuchemsha zabibu kavu, maana kanisa letu halikutaka kilevi hata tone. Zabibu zilipokosekana madukani, mwezi mmoja nilijitia ujanja nikatumia shira ya grenadini, ile nyekundu ya komamanga, iliyobaki hotelini. Rangi ilipendeza sana. Nyuki nao walihudhuria, wakakaa viti vya mbele, na dereva mmoja wa lori akaumwa mdomoni wakati akipokea. Petero alinifundisha pia kukunja vitambaa na kuushughulikia ukingo wa kikombe: geuza robo, futa mara moja, toa. Geuza, futa, toa. Mikono yangu iliizoea kazi hiyo kiasi kwamba nyumbani mke wangu alinikuta nikigeuza na kufuta kikombe cha chai kabla ya kumpa.

La mwisho alilonifundisha ni foleni. Wazungu walitangulia, kila mmoja na glasi yake ndogo kama kizibo cha chupa, iliyoletwa kutoka nchi yao ya baridi. Waafrika tulifuata na kikombe kikubwa kimoja. Tulipokwisha wote, Petero alifungua kabati, akatoa kikombe kidogo cha bati kilichoviringishwa katika kitambaa chake, akakipeleka kwenye benchi la nyuma kabisa, alipokaa Damari na jamaa zake.

Mnajua desturi yetu, hata kama siku hizi tunaona haya kuitaja. Mnyarwanda hunywa na jirani yake kwa mrija mmoja katika chungu kimoja, na hiyo ndiyo amani yetu. Lakini Mtwa, wa lile kabila letu dogo la wafinyanzi, aliyekifinyanga chungu chenyewe, hapewi ule mrija. Humiminiwa chake pembeni. Damari alikuwa Mtwa, mfinyanzi, amebatizwa miaka kadhaa kabla yangu, na Biblia aliijua kuliko wazee wawili wa kanisa ukiwaunganisha. Nilipomuuliza Petero sababu ya kikombe cha bati, alisema tu, "Wale wa mwisho, mwisho." Nikatikisa kichwa kama mtu aliyefundishwa jambo la maana. Mabaki ya kikombe kikubwa niliyanywa mwenyewe kwa heshima, maana hayamwagwi. Mabaki ya kile cha bati niliyamwaga nyuma ya kanisa. Nilifanya hivyo kila mwezi, na sikumbuki hata siku moja niliyosimama nikajiuliza.

Petero alipostaafu akarudi kwao Bukoba, nilibaki peke yangu na zile glasi ndogo. Zilikuwa ishirini na nne. Ziligoma kusafishika kwa kidole, zilitaka kijiti kilichofungwa pamba. Siku moja nikiwa nazisugua, nilipata ufunuo kwamba glasi hizi ni dhambi. Nimewahi kusimulia mahali pengi kwamba Roho alinigusa nikiwa katika maombi. Sasa nimestaafu, naweza kusema kwamba aliponigusa nilikuwa nimeshika kijiti.

Nilisimama katika baraza la wazee nikasema. Jamani, nilisema! Niliuliza kama damu ya Bwana ilimwagika katika glasi ishirini na nne. Niliuliza kama mbinguni kutakuwa na kabati mbili. Pasta Gustavi alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyejifunza Kiswahili Kongo. Akawa mweupe kama karatasi, kisha akawa mwekundu, kisha akatoka nje. Nilidhani nimefukuzwa kazi. Kumbe alikwenda kulia nyuma ya gari lake. Akarudi, akasema, "Ndugu Eliya, maneno yako iko kweli. Mimi naogopa ugonjwa, na mimi naita uoga usafi. Mwezi kesho glasi hapana."

Mwezi uliofuata kanisa lilijaa hata madirishani. Pasta Gustavi alishuka, akasimama kwenye foleni nyuma ya fundi wa magari mwenye mafuta meusi kwenye kucha, akanywa kikombe kile kile. Madamu alikunywa akiwa amefumba macho kama mtu anayeruka mto. Watu walilia, waliimba, walikumbatiana. Nami nililia, na sitanii ninaposema ilikuwa siku njema kuliko nyingi nilizowahi kuziona. Kisha, kanisa likiwa bado linaimba, nilikwenda kabatini nikatoa kikombe cha bati, nikakipeleka benchi la nyuma.

Naomba msome tena sentensi hiyo. Mimi mwenyewe nilichukua miaka kumi na mitatu kuisoma.

Habari ile ilienea. Makanisa mengine yakaanza kuniita nisimulie. Nilikwenda Butare, nikaenda Gisenyi, nikavuka mpaka Bujumbura. Kila safari hadithi iliongezeka kidogo. Fundi wa magari alizidi kuwa mchafu, Madamu alizidi kutetemeka, na hotuba yangu ya baraza, ambayo ilikuwa ya dakika tano, ilifikia nusu saa. Nilinunua tai. Nilijifunza kunyamaza mahali pa kunyamaza ili watu wapate nafasi ya kutoa machozi. Upatanisho ukawa ndio kazi yangu, na kufagia kanisa ikawa shughuli ya pembeni.

Katikati ya sifa hizo kulikuwa na mwaka ambao baadhi ya watu wa foleni yetu walifukuzwa kazini na watoto wao shuleni, kwa sababu ya neno la kabila lililoandikwa kwenye vitambulisho vyao. Foleni ikapungua. Walioniuliza, niliwaambia kwamba ni mvua. Mzee wa Kikombe Kimoja hakuwa na hotuba mwaka huo.

Vitambaa vyetu vya meza alivishona Fundi Saidi wa Rwezamenyo, Mwislamu, ambaye babu yake alikuja na wafanyabiashara wa pwani akaoa hapa hapa. Kiswahili chake kilikuwa kama kimepigwa pasi. Kwa miaka alinishonea vitambaa kumi na viwili, kumi na kimoja vyenye msalaba wa uzi mwekundu na kimoja wa buluu, nami sikuwahi kueleza. Siku moja akasimamisha cherehani.

"Bwana Eliya, huyu wa buluu kakosa nini hata abaguliwe na wenzake?"

"Ni cha kikombe cha nyuma," nikamwambia. "Cha wale wafinyanzi."

"Ala! Si wewe unayetangazwa mji mzima kuwa umeweka kikombe kimoja?"

"Wale wanatoka mbali, Fundi, kule bondeni chini ya Remera. Wanachelewa. Ndiyo maana wako mwisho."

"Sisi msikitini, atakayewahi ndiye wa safu ya mbele," alisema, akarudi kukanyaga cherehani. "Basi waambie wawahi."

Jibu hilo lilinikaa rohoni kama mwiba, kwa hiyo Jumapili iliyofuata nilikwenda kufungua kanisa nikiwa nimejiandaa kuona jinsi wanavyochelewa. Damari alikuwa ameketi kwenye ngazi, na binti yake Estera na wajukuu wawili, miguu yao ikiwa na umande wa njia yote ya kutoka Remera. "Mwaramutse, Mzee," alinisalimu. Ndipo nilipokumbuka kwamba kila Jumapili, tangu nipewe funguo, nilikuwa nikimfungulia yeye kwanza. Alikuwa wa kwanza kufika miaka yote hiyo. Mngetegemea kwamba siku hiyo nilibadilika. Nilimwambia Fundi Saidi kwamba safari nyingine avishone vyote kwa uzi mwekundu, nikaona nimelimaliza tatizo.

Siku yangu kubwa ikafika. Mkutano wa upatanisho ulifanyika kwetu, na wageni walitoka nchi nyingi kuja kuona kanisa la kikombe kimoja. Miongoni mwao alikuwa mchungaji mzee mweusi kutoka Amerika, mwenye nywele nyeupe na fimbo, ambaye mababu zake walikuwa watumwa. Nilisimulia hadithi yangu ile ndefu, pamoja na manyamazo yote. Ilipokwisha, wageni walipiga makofi wakiwa wamesimama. Yule mzee hakuwa amepata kiti mbele kwa sababu alichelewa kushuka garini, akaenda kuketi mahali pekee palipokuwa na nafasi. Benchi la nyuma lilikuwa na nafasi siku zote, hata kanisa likijaa mpaka madirishani.

Nilipomaliza foleni na kikombe kikubwa, nilitoa cha bati nikaelekea nyuma. Hapo ndipo nilipomwona yule mgeni wetu mheshimiwa amesimama nyuma ya Damari, mikono ameikunja, akisubiri zamu yake. Nikasimama ghafla. Mgeni kutoka Amerika anywe kile? Tena baada ya Damari? Nilirudi mbio madhabahuni, nikachukua kikombe kikubwa, nikaja nacho. Nikampita Damari. Nikamnyooshea mgeni kikombe juu ya bega la mama yule, cha bati nikiwa nimekishika kwa mkono wa kushoto.

Mzee hakukipokea. Alitazama mkono wangu wa kulia, akatazama wa kushoto, akasema kitu kwa sauti ya chini. Mkalimani wetu kwa bahati mbaya hakuwa na sauti ya chini.

"Mgeni anasema kwao palikuwa na mabomba mawili ya maji, moja la Wazungu, moja la kwao. Anauliza hiki cha bati ni cha nani."

Kanisa zima liligeuka. Nilitafuta neno katika maneno yote niliyoyahubiri miaka kumi na mitatu, nikapata moja. "Ni utaratibu tu," nikasema. Mkalimani akalitafsiri, na kwa Kiingereza lilisikika vibaya zaidi.

Damari ndiye aliyejibu. "Iko yangu," alisema. "Tangu Mzee Petero, iko yangu." Akakichukua cha bati mkononi mwangu, akakimwaga taratibu kwenye jani la mgomba lililopamba mlango, akakifunga katika kanga yake, akatoka na jamaa zake. Mzee wa Amerika alimfuata nje akiegemea fimbo yake, hakunywa chochote. Nilibaki katikati ya kanisa na kikombe kikubwa na tai mpya.

Mwezi wa kwanza Damari hakuja, nikasema ni aibu. Mwezi wa pili nikasema ni mgonjwa. Mwezi wa tatu nilianza kufika mapema kuliko kawaida, nikakuta ngazi tupu, na nikachukia kufungua mlango ule. Wazee walinifariji. Walisema wale watu huwa wanakuja na kuondoka. Nilitamani sana kuwaamini.

Pasta Gustavi alikuwa katika mwaka wake wa mwisho hapa nchini, mwili umekonda, mkono unatetemeka. Alinikuta nasugua vinara, akaketi.

"Ndugu Eliya, mimi nilikuwa na glasi ndogo, wewe ulinipiga kwa maneno. Iliuma. Mimi nilipona. Sasa wewe, nani atakupiga?"

Niliendelea kusugua kinara. Akanishika bega, akaondoka. Kesho yake nikapanda gari mpaka Remera, nikateremka bondeni kwa miguu.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha yenye sehemu tatu na hitimisho. Nilimkuta Damari amekaa mbele ya nyumba yake, chungu kikubwa kibichi mbele ya magoti yake, analainisha tumbo la chungu kwa jiwe la mtoni. Kikombe cha bati kilikuwa kando yake, anachotea maji ya udongo. Hakusimama.

"Mama Damari," nikaanza, "Maandiko yanatufundisha..."

"Mzee Eliya," alinikata, "weye iko kuja kuomba msamaha, ao iko kuja kuhubiri?"

Sehemu zote tatu zikanitoka kichwani. Nikaketi chini kwenye majani. Alimwita Estera, akaleta chungu kidogo cha ubushera, uji wetu wa mtama, na mrija mmoja. Damari alinawa udongo mikononi, akavuta kwanza, kama mwenye nyumba anavyopaswa kufanya, kisha akanigeuzia mrija.

Nilijua vizuri kwamba ninaangaliwa. Nilijua kwamba maisha yangu yote ya Ukristo yamefika kwenye ncha ya ule mrija. Nikaapa moyoni kwamba nitanywa bila kusita, na kweli sikusita. Mkono wangu ukatoa leso mfukoni, ukaugeuza mrija robo, ukaufuta, ukaufuta tena, ndipo nikanywa.

Damari aliitazama leso. Estera aliingia ndani ya nyumba.

"Mbili," Damari akasema.

"Mama, ni mazoea ya kazi! Hata mke wangu..."

"Wengine unafuta moja. Mimi nahesabu. Hata kikombe ya peke yetu, yenye hakuna mtu mwingine anakunywa, unafuta mbili mbele ya kunipa, na mbili nyuma. Miaka yote iko mbili." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja idadi ya vyungu vilivyopasuka tanuruni.

Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa mkono wa mtunza kanisa au mkono wa Eliya mwenyewe. Nilikuwa nikijidai sina ubaya moyoni, na labda ni kweli, maana ubaya wote ulikuwa umehamia vidoleni. Nililia pale kwenye majani, na safari hii sikuwa na mahali pa kunyamaza palipopangwa. Nilimwambia nimemkosea. Nilimwambia nilikuwa namwaga mabaki yake nyuma ya kanisa.

"Nilionaka," akasema.

"Nifanye nini ili urudi?"

Alirudi kulainisha chungu. "Ile hadithi yako ya Wazungu, tunaipenda. Iko nzuri. Sasa uongeze na yangu. Useme hapo mbele, bila kuficha, na mimi nitakuja."

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele bila tai, nikaisimulia hadithi yangu na mwisho wake. Kabati, bati, uzi wa buluu, mabaki, mrija. Haikuchukua hata dakika kumi. Hakuna aliyepiga makofi. Wazee wa kanisa walinikasirikia kuliko walivyomkasirikia Gustavi na glasi zake. Mmoja aliniambia nimewavua nguo mbele za watu, na kwamba jambo la Wazungu ni jambo la Wazungu, lakini hili ni la nyumbani. Pasta Gustavi pekee alinishika mkono, na wake ukautikisa wangu pasipo kukusudia.

Nilikuwa na wiki tatu kabla ya Meza ya Bwana. Kila siku baada ya chakula nilifanya mazoezi na mke wangu. Yeye anakunywa, mimi nageuza, nafuta mara moja, natoa. Alinisimamia, mwiko mkononi. Mara nne za kwanza kidole kilitaka kurudi, akakipiga.

Siku ilipofika, Damari alikuwa kwenye ngazi nilipofika na funguo. Aliingia, akakaa benchi la tatu, katikati. Aliposimama kwenye foleni, nilimpa kikombe kikubwa. Akanywa. Nikageuza, nikafuta mara moja, nikamnyooshea aliyefuata. Aliyefuata alikumbuka kwamba ameacha mwavuli. Wa nyuma yake alipatwa na kikohozi. Foleni ilipasuka mbele ya macho yangu, watu wakarudi kwenye mabenchi yao wakitazama chini, watu ninaowapenda, niliowashikia watoto wao siku ya ubatizo. Nilisimama nimenyoosha kikombe mpaka mkono ukaanza kuuma. Nikanywa mimi. Akaja Madamu, macho yakiwa wazi. Akaja Pasta. Akaja yule fundi wa magari, ambaye hakuwahi kujua kwamba ni maarufu hadi Bujumbura. Basi. Wanne baada ya Damari, katika kanisa lililojaa. Mabaki yalikuwa karibu nusu kikombe, nikayamaliza yote.

Mlangoni Damari aliniambia, "Leo iko moja." Nilimpa mkono.

Mwezi uliofuata walikuwa wengi kidogo, na uliofuata kidogo zaidi, na miaka ikapita hivyo. Msidanganyike kwamba wote walikuja. Wapo mpaka leo wanaohesabu kwa macho wakisimama, wahakikishe wako mbele ya Damari. Mnawajua. Wanajua kwamba nawajua. Siwachukii, maana nilifanya hivyo kwa ustadi kuliko wao, tena nikapewa kofia ya heshima huko Butare.

Nimalizie kwa Jumapili iliyopita, ya kwanza kwangu bila funguo. Nilifika kama Mkristo wa kawaida, nikazunguka kanisani kama ng'ombe aliyekosa zizi, sijui nikae wapi. Damari, ambaye sasa kichwa chake ni cheupe chote, alisogea akanipa nafasi. Wakati wa Meza tukasimama kwenye foleni, yeye mbele, mimi nyuma yake.

Perusi, wewe ndiye uliyeshika kikombe, na uligeuza na kufuta vizuri sana. Kisha ukaniona. Ukaniinamia kwa adabu mbele ya watu wote, ukasema, "Mzee wetu, usipange foleni wewe. Pita hapa mbele." Ulifanya kwa heshima, binti yangu, nami sikulaumu, maana ndivyo hasa nilivyofundishwa na mimi. Nakuandikia tu ujue kilichotokea. Mimi, baada ya yote niliyokwisha kuyaandika hapa, nilitabasamu, na mguu wangu wa kulia ukatoka kwenye foleni. Wa kushoto ulikuwa unaufuata.

Damari hakugeuka. Alinyoosha tu mkono nyuma, akashika koti langu.

"Oya, hapana, Mzee," alisema. "Weye iko nyuma yangu."